Samadi na Akiba ya Kibanja
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi, Kashozi)



Kazi yangu ni kutunza daftari za kahawa yenu. Leo naomba ruhusa nisome daftari nyingine isiyomo ofisini, nayo ni udongo wa vibanja vyetu.

Mwaka 1938 mtaalamu wa udongo, Bwana Geoffrey Milne, aliandika habari za Bukoba. Alieleza kwamba rutuba ya kibanja ni kazi ya watu, wala si zawadi ya maumbile. Ng'ombe walilisha rweya mchana, na usiku wakaacha samadi nyumbani. Hivyo rweya ilizidi kuwa maskini, na kibanja kikatajirika.

Katika samadi mna fosforasi, ambayo bila hiyo mmea hauoti mizizi wala kuzaa vema. Udongo wetu una asidi, na chuma na alumini iliyomo huishika fosforasi hata mizizi isiipate. Samadi huiongeza, na tena hulegeza kifungo hicho. Fosforasi haichukuliwi upesi na mvua kama nitrojini, basi ikitiwa miaka mingi hugeuka akiba.

Huko Rothamsted, Uingereza, sehemu moja ya shamba la shayiri ilitiwa samadi kila mwaka tangu 1852 hata 1871, kisha ikaachwa. Baada ya miaka mia na zaidi, bado ilikuwa na fosforasi kuliko sehemu isiyotiwa kitu.

Ndugu zangu, sisi twala akiba ya babu zetu. Kila gunia la kahawa na kila mkungu uuzwao huondoka na sehemu yake, na nyumba nyingi sasa hazina ng'ombe. Katika kibanja alichoniachia marehemu baba, migomba iliyo karibu na nyumba huzaa mikungu mizito. Ile ya mpakani, isikofika samadi, mkungu wake hubebwa na mtoto.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Samadi ifunikwe isinyeshewe. Majivu na maganda ya ndizi yarudi shambani. Na lori la chama lipelekalo kahawa kiwandani lisirudi tupu, bali lilete maganda ya kahawa. Ingawa fosforasi yake ni kidogo, ni mali yetu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tusiwarithishe watoto wetu kibanja chenye deni.