Wale Ambao Hawakuingia: Hotuba ya Halmashauri kwa Mkutano wa Mwaka



Hesabu za fedha mmekwisha kusomewa, nasi hatutazirudia. Tumeombwa tuseme machache juu ya wanafunzi wa karakana yetu hapa Soweto West, na tumeona ni vema tuanze na wale ambao hawakuingia.

Tangazo lililobandikwa mlangoni lasema kwamba mafunzo ya ushonaji na useremala ni ya kila kijana, mwanamume kwa mwanamke, wa kabila lolote na dini yoyote. Maneno hayo tuliyaandika kwa moyo safi. Lakini chini yake tuliongeza: kila mwombaji aje na kitambulisho. Mwaka jana alifika binti mmoja wa Kinubi kutoka Makina, mwenye mkono mwepesi wa kushona, naye hakuwa nacho. Karani alifuata amri akamrudisha. Kosa si la karani, ni letu.

Twaliita kosa kwa kuwa habari hii yajulikana kote Kibera. Wanubi ni wazao wa askari Wasudani wa King's African Rifles, waliowekwa katika msitu huu mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla ya wengi wetu kuja. Hata hivyo hati ya ardhi ya ekari 288 waliipata mwaka 2017 tu. Na kwa miaka mingi vijana wao walihojiwa mbele ya kamati, wakatakiwa hata karatasi za babu zao, kabla ya kupewa kitambulisho ambacho wenzao wengi walikipata bila maswali hayo. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi wamenyimwa haki yao katika jambo hili. Basi sisi, chama cha ustawi, twakitakia nini kitambulisho mtu ajapo kujifunza kutunga uzi katika sindano? Tuliulizana, wala hatukupata jibu. Sharti hilo tumelifuta. Binti mwenyewe tulimtafuta. Tuliambiwa amehamia Kawangware, afua nguo za watu, na mpaka leo hatujamwona.

Tena Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, yakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ulemavu, lugha, hata mavazi. Twaipenda sana Katiba hiyo. Lakini darasa letu la jioni lilikwisha saa moja na nusu usiku, vichochoro vikiwa giza tupu, na akina mama wanne wenye watoto wachanga wakaacha kuja. Katika daftari tuliandika kwamba hawana bidii. Tumelisoma neno hilo tena, na tumeona haya.

Ndani ya karakana pia yako mambo. Mafundi wengine hufundisha kwa lugha ya kwao, na mwanafunzi asiyeielewa hupewa ufagio. Sisi tulioishi hapa mwanzoni mwa 2008 twajua mtu akiulizwa kabila lake jambo hilo laweza kufika wapi. Kwa hiyo mezani pa kazi ni Kiswahili, na kufagia ni kwa zamu, fundi naye akiwamo. Yupo vilevile kijana kiziwi katika useremala. Muda wa miezi mitatu tulimdhania mzito wa akili, kumbe fundi alikuwa akieleza huku amempa mgongo. Alipogeuzwa kumkabili, kijana alitengeneza kiti ambacho Bwana Mwenyekiti amekikalia sasa hivi.

Sasa twafikia jambo la kuamuliwa. Fedha zilizobaki zatosha cherehani mbili za umeme. Au zatosha kusakafu njia ya mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite, kumlipa mlezi wa watoto wachanga, na kumleta mwalimu wa lugha ya ishara. Yote mawili hatuyawezi. Halmashauri imegawanyika, nanyi mwajua kwamba tu watu tisa na mwanamke kati yetu ni mmoja, kwa hiyo hatukutaka kulikata shauri hili wenyewe. Karatasi za kura ziko kwa karani, na wanafunzi watapiga kura pamoja na wanachama. Kura zitahesabiwa baada ya chai.