Mulungu Mbili
Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano mkuu wa memba, Muhumba



Komite ilituomba tueleze ile safari ya uwindaji, juu maneno mengi yalisemwa na si yote ya kweli. Tutasema yetu, hata yenye kutupa haya.

Mnajua shida ilianzia wapi. Ndugu zetu waliorudi Mulungu, katika teritware ya Shabunda, walikuta mashamba yamekuwa pori. Wakalima, wakapanda mihogo, nguruwe wa pori wakaja usiku wakafukua yote. Wazee Warega wakasema: tuwinde kwa nyavu na imbwa, kama zamani. Tuliuliza kwanza chefu wa kijiji, na tulihakikisha tuko nje ya mipaka ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, kwa sababu mbuga ile inafika hata Shabunda, na ndani yake kuwinda ni marufuku. Wakakubali.

Mpango ulikuwa hivi. Sisi watatu tutangulie na moto kupitia Walungu hadi Nzibira, halafu mbele zaidi, na pale njia inapokatika tutembee. Jeep ya kukodi itufuate mpaka Nzibira na muuguzi, sanduku la dawa, muchele, chumvi na kamba za nyavu. Wabebaji wangeipokea pale.

Tukafika. Siku ya kwanza hakuna jeep. Siku ya pili hakuna. Kijijini hakuna rezo, basi tukapanda kilima, simu ikashika.

— Shofere, uko wapi?
— Niko hapa Mulungu tangu jana! Ninyi muko wapi?
— Na sisi tuko Mulungu!

Tukanyamaza wote wawili. Kumbe yeye alikuwa Mulungu ya Kabare, upande wa Kavumu, pale penye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA. Sisi tulikuwa kusini-magharibi, yeye kaskazini, na Bukavu katikati yetu. Muuguzi hakujua njia. Alidhani sisi ndio tumechelewa. Mzee mmoja alicheka akasema: “Mulungu wa mbinguni yuko mahali pote, lakini jeep haiwezi.”

Tulicheka na sisi. Lakini hatukucheka siku nyingi.

Wazee walikuwa wamekwisha kutega nyavu, na watu walikuwa wamekusanyika kutoka vijiji vya jirani. Walituuliza: tungoje? Tulijua dawa haziko. Tukasema: endeleeni. Hapo ndipo kosa letu lilipo, hatulipeleki kwa mtu mwingine.

Nguruwe wawili walikufa. Wa tatu alipasua wavu akamchoma kijana wetu kwenye paja, kwa jino. Damu ilitoka nyingi sana. Wamama walichemsha maji na chumvi, tukafunga kwa kitenge, wanaume wakakata miti wakatengeneza kipoyi. Walimbeba usiku kucha, wakipokezana mabega, mpaka kituo cha afya. Mguu haukukatwa, tunamshukuru Mungu. Lakini mpaka leo anatembea na fimbo, na msimu huu hakulima. Wenzake wanamlimia.

Shofere alilaumiwa sana hapa mjini. Tunaomba tumwache. Karatasi yake ya misio tuliiandika sisi, hapa hapa Muhumba, na tuliandika neno moja tu: “Mulungu”. Hakuna teritware, hakuna jina la mtu wa kumpokea. Yeye alienda kwenye Mulungu anayoijua.

Kwa hiyo tumepatana na komite hivi:

Kila karatasi ya misio iandikwe teritware, njia ya kupita, na jina la mtu anayengoja.

Shofere asome karatasi kwa sauti kabla ya kuwasha motere, na anayemtuma asikie.

Sanduku la dawa lisiachane na watu. Likae kwenye mgongo wa mmoja wetu, hata kama ni zito.

Dawa zisipofika, kazi ya hatari haianzi, hata wazee wakikasirika.

Wafadhili wetu: mafuta ya jeep yalipotea, hayatarudi, tumeyaandika hivyo kwenye hesabu. Muchele na kamba vilifika baadaye kwa migongo ya wabebaji.

Mihogo ya Mulungu mwaka huu imesimama. Kijana wetu alituma salamu, na swali: kwenye kilimo kijacho, mutuali itamsaidia na mbegu? Tunaliacha swali hilo mbele yenu.