Kinachouzwa Dirishani Ni Muda

(Niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa jimbo, Jumamosi iliyopita. Wengi mliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimerudishia sehemu ambayo mvua ilipiga bati hadi wa nyuma mkawa hamsikii.)



Nilipewa mada inaitwa "Vijana na fursa za Jumuiya ya Afrika Mashariki". Nimekaa nayo siku mbili, nikaona nikianza na fursa nitakuwa nawadanganya. Sisi watu wa mpakani Jumuiya hatuijui kwa fursa, tunaijua kwa dirisha. Unafika, unainama kidogo maana kile kitundu cha kioo wamekiweka chini, unasema "shikamoo" hata kwa mtu uliyemzidi umri, halafu unasubiri. Leo nitaongea habari za dirisha hilo.

Wengi hapa mnamfahamu mama mdogo aliyenilea. Yuko pale, safu ya tatu, anajifanya kuangalia simu. Huyu mama amevusha vitunguu kwenda soko la ng'ambo miaka 11 bila kukanyaga ofisi ya mpaka hata siku moja. Miaka 11! Njia yake ilikuwa njia ya panya. Magunia matatu, bodaboda tatu, saa kumi alfajiri. Kila boda 6,000. Kijana wa kutangulia kusoma njia, 3,000. Na "watu wa porini", ambao siku nyingine wana sare na siku nyingine hawana, 10,000. Pigeni hesabu: 31,000 kabla kitunguu hata kimoja hakijauzwa.

Siku moja mwaka 2018 watu wa porini hawakutaka 10,000. Walimwambia achague: aache magunia, au alale ndani. Akaacha magunia. Alirudi kwa miguu, akafika nyumbani saa nne, akakaa jikoni. Hakulia. Aliniuliza tu kama ada ya mdogo wangu inaweza kusubiri mwezi ujao.

Nikamuuliza, mama, kwa nini hupiti ofisini? Akanijibu kama mtu anayemjibu mtoto: "Ofisini ni kwa wenye makontena."

Sasa hapa nataka tuelewane vizuri, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya umeanza Januari 2005. Ndani yake kuna utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo wako haizidi dola 2,000, inavuka bila ushuru wa forodha. Unajaziwa cheti kifupi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani, na cheti hicho hakiuzwi. Magunia matatu ya vitunguu hayafiki hata robo ya dola 2,000. Maana yake nini? Maana yake mama yangu alikuwa anakimbia ushuru ambao haupo. Kwa miaka 11 amelipa watu wamfiche asionekane akifanya jambo la halali.

Nisiwadanganye lakini. Kutotozwa ushuru si kuvuka mikono mitupu. Mazao yana cheti cha afya ya mimea, chakula kina kibali cha kusafirisha nje, na wewe mwenyewe unatakiwa uwe na hati ya kusafiria. Hapa serikali yetu ina lake la kujibu. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaingiliana kwa vitambulisho vyao vya taifa. Sisi hatukujiunga na mpango ule. Pasipoti ya kielektroniki ilipoanza 2018 bei yake ikawa shilingi 150,000. Mama wa magunia matatu aanzie wapi?

Tena hofu yake haikutoka hewani. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilichomwa moto Namanga, picha tuliziona wote. Machi 2021 wenzetu wa Kenya wakaamka wakafunga mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakaa. Bibi yangu naye alikuwa akisimulia mpaka ulivyofungwa Februari 1977, ukaja kufunguliwa Novemba 1983, na ndugu wa ukoo mmoja wakawa wanapeana habari za misiba kwa barua za kupitisha mkono kwa mkono. Mtu wa mpakani amefundishwa na vizazi vitatu kwamba ofisi inaweza kuamka vyovyote. Kwa hiyo anaona heri porini.

Basi mwaka 2019 nikamshawishi. Nikasoma, nikachapisha kurasa zangu, nikazitia kwenye bahasha ya kaki kama wakili. Tukaenda dirishani siku ya soko. Sitaitaja ofisi wala upande gani wa mpaka.

Afisa akasema: "Fomu zimeisha, mama."

Nikasema, afande, zinatakiwa ziwepo muda wote. Akaniangalia. "Wewe ni mwanasheria?" Hapana, ni mtoto wake. "Basi mtoto mwema mkubwa akiongea hunyamaza." Mama mdogo akanifinya kiunoni. Akaulizwa kadi ya njano. Anayo. Akaulizwa mbona jina kwenye kadi limeandikwa kwa herufi ndogo. Hilo swali, wallahi, mpaka leo silielewi. Tukaambiwa tukae pembeni "mkubwa anakuja". Saa mbili asubuhi ikawa saa tatu, ikawa saa nne kasoro. Vitunguu viko juani. Ng'ambo kule wanunuzi wa jumla wanaondoka saa sita.

Mnataka kujua nani alitoa hela? Si mama. Ni mimi. Mimi mwenye bahasha ya kaki. Nilichukua noti ya elfu kumi, nikaikunja, nikaiweka ndani ya hati ya mama, nikaipitisha chini ya kioo. Hatukumaliza dakika nne. Fomu ilikuwa kwenye droo.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 hakimtaji anayepokea peke yake. Anayetoa naye ni mkosaji. Kwa hiyo mnayemsikiliza saa hizi ni mkosaji, na sikuja hapa kujisafisha. Nimewaambia ili tuone kitu kimoja ambacho nilikiona siku ile nikiwa nimekaa kwenye lile benchi. Yule afisa hakuniuzia ruhusa. Ruhusa tulikuwa nayo tayari, sheria ilishatupa. Aliniuzia saa mbili. Bidhaa yake ni muda, makamanda. Anajua soko linafungwa lini, anajua basi lina ratiba, anajua usiku hakuna pa kulala. Halazimiki kusema neno baya. Hata "chai" hakuitaja. Alichofanya ni kukaa tu.

Ukishaliona hilo utaelewa vizuizi vya barabarani pia. Hapa nina kisa cha pili, na hiki kinaniuma kuliko cha kwanza.

Nilikuwa kwenye basi la usiku huko magharibi mwa nchi. Kizuizi. Akapanda afisa na tochi, anamulika nyuso. Nyuma yangu kulikuwa na kijana wa Kigoma, hana kadi ya NIDA, ana namba tu imeandikwa kwenye karatasi, kama Watanzania wengi tu. Lafudhi yake ya Kiha. Akaambiwa: "Wewe ni Mrundi." Akasema hapana. "Imba wimbo wa taifa." Akaimba, jamani, ndani ya basi, saa saba usiku, sauti inatetemeka. Watu wakacheka. Alipokosea mstari mmoja akaambiwa chukua begi ushuke.

Na sasa sikilizeni abiria walisema nini. Hakuna aliyemwambia afisa, huyu ni mwenzetu. Walimwambia kijana: "Toa kitu tuondoke! Unatuchelewesha!" Kondakta ndiye alikuwa mkali kuliko afisa. Dereva injini hakuizima. Yule afisa hakuhitaji kumtisha kijana, sisi tulimfanyia hiyo kazi, watu hamsini, kwa sababu ya muda wetu. Kijana akashuka. Mimi nilikuwa kiti cha dirishani, nilimwona amesimama kwenye mwanga wa tochi na begi lake kifuani. Basi likaondoka. Nilikuwa na kadi ya chama mfukoni, nimeshahutubia vijiji kumi na tatu juu ya haki za raia, na sikufungua mdomo.

Najua kuna wa kusema: sasa ungefanya nini, nawe ungeshushwa. Labda. Lakini tungekuwa wawili.

(Hapa ndipo mvua ilipoanza. Niliyoyasema ni haya.)

Kabla hatujawalaani maafisa wote, tuwe wa kweli. Kuna dada mmoja dirishani hapo kwetu, kila mtu anamjua, anajaza fomu mwenyewe kwa ambao hawaoni vizuri na anakupa chenji yako mpaka ya mia. Wenzake wanamwita mshamba. Na wengi wao wamepangiwa mpakani bila nyumba, wanakaa chumba kimoja cha kupanga. Hilo halihalalishi wizi. Ila mfumo unaomwacha afisa mwadilifu achekwe una mwenyewe, na mwenyewe hakai dirishani.

Na sisi tusijitoe. Ushuru wa mazao ni mapato ya halmashauri. Bajeti ya 2017/18 serikali ilisema mzigo wa mazao usiozidi tani moja, unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, usitozwe. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia mia! Mageti yaliendelea kutoza wenye magunia mawili, ninyi mashahidi. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani uliongoza halmashauri kadhaa nchi hii. Naomba tuulizane bila kukasirikiana: kwenye hizo zetu, nani alikwenda getini akawaambia vijana wake waache? Mimi sikumwona. Tukikabidhiwa nchi kesho asubuhi, wale wa dirishani watakuwa maafisa wetu, na lile benchi la kusubirishia litakuwa benchi letu.

Ndiyo maana nataka kwenye ilani yetu iingie kitu kidogo kuliko "tutaboresha mazingira ya biashara". Kila dirisha la mpaka liwe na ubao, kwa Kiswahili, unaoonyesha tozo zote na vitu visivyotozwa. Afisa avae jina lake. Na mtu akiingia foleni apewe karatasi yenye saa aliyofika, akitoka igongwe saa aliyotoka. Desemba 2018 marais wawili, Magufuli na Kenyatta, walizindua kituo cha pamoja pale Namanga ili mtu ahudumiwe mara moja badala ya mara mbili. Jengo ni zuri, sina ugomvi nalo. Nauliza tu, ndani ya jengo zuri nani anapima mama mwenye vitunguu amekaa saa ngapi?

Hayo ni ya ilani. Ya wiki hii ni mengine, na hayahitaji kushinda uchaguzi.

Usiende mara ya kwanza siku ya soko. Hili mama mdogo ndiye aliyeligundua, si mimi msomi. Baada ya ile aibu yangu alikwenda mwenyewe siku ya katikati ya wiki, hana mzigo, hana haraka, amebeba kashata. Akasema nimekuja kuulizia tu. Akakaa. Afisa akawa hana cha kumuuzia, maana mama ana siku nzima. Fomu akaziona, vibali akaandikiwa kwenye karatasi, akarudi siku ya soko akiwa anajua kila kitu. Hakutoa shilingi isiyo na risiti.

Ukiambiwa ulipe, omba kontroo namba. Hela ya serikali ina kontroo namba na risiti, haina "nipe hapa nitakuwekea". Andika siku, saa, na jina kama limeonekana. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina gharama. Na dada zangu, wale mnaoambiwa "tuonane jioni tumalize hilo suala lako", sheria hiyo hiyo, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Msinyamaze mkidhani ni aibu yenu. Yupo dada wa kamati yetu ya wanawake amekaa pale mlangoni, anasikiliza na hatangazi.

Mama mdogo sasa ana wenzake saba. Jumanne wanakwenda dirishani pamoja, na wanne kati yao ndiyo mara yao ya kwanza. Wanaomba vijana watatu wanaosoma fomu vizuri wakae nao kwenye benchi. Hawataki hotuba wala fulana za chama, wanataka watu wa kukaa tu, hata kama ni mpaka jioni. Daftari la majina liko kwa katibu. Tunakutana saa moja asubuhi kijiwe cha bodaboda, na kila mtu aje na kalamu yake, maana ya pale dirishani huwa haina wino.