MANENO YA KATIBU KWENYE KIKAO CHA TAWI: TUPANGE KUNDI LETU LA WHATSAPP



Tuanze kwa kukiri kosa. Kwenye msiba wa mwezi uliopita, kila aliyechangia alinakili orodha ya michango, akaongeza jina lake, akairudisha kundini. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina moja linapotea. Ndivyo lilivyodondoka jina la mzee wetu mmoja, akaonekana hajatoa, na hela yake tulikuwa nayo. Tulimwomba radhi nyumbani kwake. Leo tunamwomba mbele yenu.

Daftari la fedha haliandikwi na watu hamsini. Kuanzia leo:

1. Orodha ya michango ataiandika mweka hazina peke yake, kila siku saa 2 usiku. Ukituma hela, mtumie yeye ujumbe wa muamala.

2. Wanasheria, wauguzi, walimu na wahasibu wetu: mstari wa kwanza uwe mada na tarehe, mfano #ARDHI, #AFYA, #AJIRA. Maelezo ya kodi ya pango la ardhi yalizama chini ya picha za "asubuhi njema". Yakiwa na alama, mwanachama atayatafuta na kuyapata.

3. Picha za vitambulisho vya wanachama zisiwekwe kundini. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Salamu na vichekesho tuvipeleke kundi la pili. Hatujavikataa.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi, Kinondoni