Jirani wa Tanurini: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Batsinda, Kigali



Mwishoni mwa Desemba, yapata saa tatu na nusu usiku, mtu aijuaye Kilimia, ambayo wakulima na manahodha wa pwani waliitazamia tangu zamani wapate kujua misimu, ataikuta imepanda juu upande wa kaskazini. Naye akiipa mgongo na kuinua uso kusini, kupita kidogo nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, atakuwa anatazama mahali ambapo jicho tupu haliambulii kitu. Lacaille, mwanafalaki Mfaransa aliyezipima nyota za kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema kati ya 1751 na 1753, alipaita mahali hapo Tanuri, akiona ni haki vyombo vya maabara navyo vipate makao mbinguni kama walivyopata mashujaa wa Wayunani. Shauri ambalo mimi, kwa idhini yenu, sijapata kulifurahia sana.

Humo, mnamo 1826, James Dunlop aliyekuwa Parramatta, Australia, aliona kiwingu cha nuru ambacho leo madaftari ya falaki hukiita NGC 1316. Kumbe si wingu, bali ni galaksi kubwa, na nuru yake itufikiayo usiku huu ilifunga safari takriban miaka milioni 60 iliyopita, kabla Bonde la Ufa halijapasuka. Wataalamu huihesabu katika tabaka la galaksi za umbo la dengu, zenye kitovu kinene na sahani bapa, lakini zisizo na mikono iliyojizungusha, na ambazo aghalabu gesi ya kuzalia nyota mpya imekwisha kutumika. Kaskazini yake, karibu kiasi cha kunaswa pamoja katika picha moja, imo galaksi ndogo, NGC 1317.

Sasa, hadhirina, tazameni hali ya huyo mkubwa. Mna michirizi ya vumbi tumboni mwake, na pembezoni mna vitanzi na maganda ya nyota zilizotawanyika ovyo, dalili zote za msukosuko. Na kadhi mwenye haraka angemtia hatiani jirani aliye mlangoni. Lakini François Schweizer, katika uchunguzi alioutangaza 1980, alishuku wengine walioangamia zamani, kwani jirani yule sahani yake imetulia, wala haina mkunjo wa mtu aliyetoka vitani. Mashahidi walioitilia nguvu rai hiyo walipatikana katika bara letu hili: antena za darubini ya redio ya MeerKAT, zilizotandazwa katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, ziliona haidrojeni nyingi kuliko iliyojulikana kabla, nayo imeburutwa kwa mikia mirefu nje ya galaksi, na watafiti, katika matokeo ya 2019, wakaona hali hiyo yalingana na galaksi kubwa yenye gesi haba kuimeza nyingine yenye sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kati ya miaka bilioni moja na tatu iliyopita. Kwa hiyo mshitakiwa hayumo pichani, maana ameliwa.

Chakula hicho, yaelekea, ndicho kilichoamsha shimo jeusi la katikati, likatema viwingu viwili vipana vya mawimbi ya redio, vinavyoipa Fornax A (Fornax ndiyo ile Tanuri), ndilo jina la galaksi hiyo kwa wanafalaki wa redio, daraja miongoni mwa vyanzo vyenye nguvu kuliko vyote vya anga. Tena uchunguzi wa MeerKAT waonyesha kwamba shimo hilo limekuwa likiwaka na kuzimika. Hapo, nakiri, Lacaille alibahatisha jina.

Taa za mji wetu zinazidi kuzificha nyota, na wapo wanaodhani kwamba falaki imekwisha hapa. Hawakukadiria sawasawa: taa ya barabarani haiharibu kipimo kilichochukuliwa Karoo, na mwanafunzi wa Kigali mwenye kompyuta na subira aweza kukifanyia hesabu hapa hapa, akauliza gesi ile ilishuka lini kitovuni na kwa njia gani.