Voi: fedha hupita, kipato hakibaki

Ukiitazama Voi kwenye ramani utadhani ni mji usioweza kukosa kazi: barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, lami hadi Taveta na mpaka wa Tanzania, na mbuga ya Tsavo mlangoni. Tabu ni kwamba karibu vyote hivyo hupita tu. Serikali ilipoamuru mwaka 2019 makontena yapande treni, walioguswa hawakuwa madereva wa malori peke yao. Wenye vibanda vya chakula, lojing'i na mafundi wa magurudumu waliishi kwa malori hayo hayo. Agizo liliondolewa 2022, kwa tamko la Nairobi kama lilivyokuja.

Wapo wanaosema utalii utaziba pengo. Umepewa muda wa kutosha: Tsavo ilitengwa 1948, na leo hifadhi imechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta, ulipo mji huu, yenye watu 340,671 kwa sensa ya 2019. Ada ya lango huenda kwa shirika la wanyamapori, KWS. Mkulima hubaki na ndovu shambani. Kweli, bila mbuga kusingekuwa na hoteli, wala sidai mbuga ifutwe. Ila kibarua cha msimu hakilipi karo ya mwaka mzima. Vito vinavyochimbwa Kasigau, katika kaunti hiyo hiyo, navyo huondoka ghafi, na faida ya kuvikata huliwa kwingine. Kituo cha vito kilichojengwa Voi kitasaidia iwapo tu mchimbaji mdogo ataingia akijua bei ya jiwe lake.