Hukumu ya Kwanza: Mwalimu wa Shule ya Msingi na Mtu Mzima wa Kericho na Bomet



Utangulizi

Mada hii ina dai moja. Urithi mzito zaidi ambao mtu mzima huondoka nao katika shule ya msingi ni hukumu aliyopewa na mwalimu kuhusu nafsi yake: kwamba anaweza au hawezi, kwamba swali lake lina maana au ni usumbufu. Hesabu na insha husahaulika au hufunzwa upya. Hukumu hiyo hukaa. Mwalimu huitoa kwa neno, kwa jicho, kwa namna anavyosahihisha daftari na kwa jinsi anavyolitamka jina la mtoto gwarideni. Mtoto wa miaka 7 hana kipimo kingine cha kuipinga, kwa kuwa mwalimu ndiye mkubwa wa kwanza nje ya jamaa zake anayempima mbele ya watu. Ikiwa dai hili ni kweli, basi maneno ya mwalimu ni sehemu ya kazi yake ya kitaaluma, nayo yanastahili kusimamiwa kama tunavyosimamia maazimio ya kazi na matokeo ya mitihani.

Hali ya eneo letu

Katika maeneo ya chai uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko tunavyokiri. Tangu kampuni za chai zilipofungua mashamba makubwa Kericho miaka ya 1920, familia zimeishi katika kambi za wafanyakazi, na wengi walitoka Kisii na sehemu nyingine za Nyanza, na Magharibi, kuja kuungana na wenyeji Wakipsigis. Mzazi mchumaji huondoka alfajiri. Mkulima mdogo naye siku yake hugawanyika kati ya mashina yake na kituo cha kununulia majani. Kwa watoto wengi, mtu mzima anayewaona saa nyingi zaidi wakiwa macho ni mwalimu. Tena darasa moja la shule ya kambini linaweza kukusanya Kikipsigis, Ekegusii, Dholuo na Kiluhya, huku Kiswahili kikiwa daraja. Mtoto anayechekwa kwa kuchanganya lugha hujifunza mapema kwamba kunyamaza ndiko salama. Mtoto ambaye jina lake linasomwa hadharani kwa sababu ya michango ya shule, wakati bonasi ya chai haijalipwa, hujifunza kwamba umaskini wa nyumbani ni kosa lake yeye.

Ushahidi

Utafiti mmoja unatufaa hasa kwa sababu ulifanyika mahali palipofanana na kwetu. Kisiwa cha Kauai, Hawaii, kiliendeshwa na mashamba makubwa, na wakazi wake wengi walikuwa wazao wa vibarua waliotoka mbali. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa huko mwaka wa 1955, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Takriban theluthi yao walilelewa katika mazingira magumu: umaskini, ugomvi wa nyumbani, maradhi ya akili au ulevi wa mzazi. Hata hivyo, mmoja kati ya kila watatu wa kundi hilo la taabu alikua mtu mwenye uwezo, anayejiamini na anayewajali wengine. Watafiti walipochunguza kilichowainua, walikuta kila mara mtu mzima aliyekuwa karibu na mtoto, na walimu walitajwa mara nyingi. Mwalimu aliyekumbukwa alikuwa zaidi ya mtoa masomo. Alikuwa mtu wa kuaminiwa siri.

Ushahidi wa pili unatoka jimbo la Tennessee, Marekani. Huko, kati ya 1985 na 1989, watoto zaidi ya 11,000 wa madarasa ya mwanzo waligawiwa walimu na madarasa kwa bahati nasibu. Raj Chetty na wenzake walipowafuatilia hadi wakiwa na miaka 27, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011, waliona jambo la kushangaza. Faida ya alama za mtihani kwa waliobahatika kupata darasa bora la chekechea ilififia baada ya miaka michache, lakini walipofika utu uzimani kipato chao kilikuwa kikubwa zaidi. Kilichodumu katikati ya safari hiyo ni tabia: bidii, kuthubutu na kushiriki darasani. Yaani mtihani uliacha kuiona kazi ya mwalimu wakati kazi yenyewe ilikuwa ingali inaendelea ndani ya mtoto.

Kwa upande wa madhara, hatuna haja ya kwenda mbali. Septemba 2019, huko Konoin, Kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai. Familia yake ilieleza kwamba alikuwa ameaibishwa darasani na mwalimu kwa sababu ya hedhi, na wazazi wakaandamana hadi shuleni. Kumhukumu mtu ni kazi ya vyombo vya sheria, wala mada hii haiingii huko. Lakini tukumbuke kwamba tangu 2017 sheria ya Kenya ilikuwa ikiitaka serikali impe sodo kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe. Tukumbuke pia kwamba wazazi walioandamana hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza jinsi aibu ya darasani inavyoweza kumlemea mtoto.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza tumelisikia mara nyingi: sisi tulichapwa na kutukanwa, na tumefika. Kwanza, sheria imekwisha kuamua. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya viboko katika Ibara ya 29, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza katazo la mateso ya kiakili. Lakini hoja yenyewe ina kasoro kubwa kuliko hiyo. Waliomo katika ukumbi huu ni wale ambao kiboko hakikuwatoa shuleni. Walioacha darasa la tano kwa hofu hawaalikwi semina, kwa hiyo ushuhuda wao haumo katika hesabu yetu. Kufika kwa wachache hakuthibitishi kwamba njia ilikuwa nzuri.

Pingamizi la pili huja na methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii ni ya kweli, na mada hii haiombi walimu waache kuwarudi watoto. Mtoto asiyeonywa hupotea. Ila kumrudi mtoto kunalenga tendo, na kumfedhehesha kunalenga utu wake. "Kazi hii haijakamilika, irudie" ni onyo linalomwachia mtoto njia ya kutoka. "Wewe huwezi kitu" ni kauli inayomfungia njia zote. Nidhamu iliyo kali kuliko zote inaweza kuendeshwa kwa kauli ya kwanza pekee.

Wa tatu watasema umaskini ndio unaoamua, na mwalimu ni mtu mdogo mbele yake. Umaskini ni mzito, na hakuna neno zuri linalolipa karo. Hata hivyo, watoto wa Tennessee waligawiwa kwa bahati nasibu, hivyo tofauti zao za baadaye haziwezi kuelezwa kwa mali ya wazazi. Na wale wa Kauai walioinuka walitoka katika umaskini uleule uliowaelemea wenzao. Umaskini hupunguza milango, na mwalimu ni mmojawapo wa milango inayobaki.

Pingamizi la nne ndilo lenye haki zaidi: madarasa yamejaa tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka wa 2003, na mwalimu mmoja hawezi kumjua kila mtoto. Serikali na Tume ya Huduma kwa Walimu zina deni hapa, nalo lidaiwe bila kuchoka. Lakini kauli ya heshima haichukui muda mrefu kuliko tusi. Katika kaunti jirani ya Nakuru, Peter Tabichi wa shule ya kutwa ya Keriko, aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka wa 2019, alifundisha mahali ambapo kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58 na shule ilikuwa na kompyuta moja. Hatuwezi kumdai kila mwalimu awe Tabichi, ila mfano wake unaonyesha kwamba msongamano haumlazimishi mtu kudharau.

Hitimisho na mapendekezo

Jambo hili lina uzito hata nje ya shule. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo humilikiwa na wakulima wenyewe, nao ndio wanaochagua wakurugenzi. Mfumo huo unategemea watu wazima wanaoweza kusimama mkutanoni na kuuliza juu ya kilo, makato na bonasi. Mchumaji anayedhulumiwa naye anahitaji ujasiri wa kusema. Mzazi aliyefundishwa kumwogopa mwalimu hukwepa hata mkutano wa shule ya mtoto wake, na hasara hupita kwa kizazi cha pili. Ujasiri wa kuuliza hufunzwa au huuawa darasani, kabla ya mtu kumiliki hata shina moja la chai.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Mwalimu mkuu anapokagua somo, aandike pia namna mwalimu anavyomjibu mtoto aliyekosea. Alama duni za mtoto na madeni ya michango ya shule yasitangazwe mbele ya wenzake; mzazi aitwe faraghani. Na kila mtoto apangiwe mwalimu mmoja anayejua jina lake, kwao na shida yake, hata kama kila mwalimu atabeba kundi kubwa. Nawaomba walimu wakuu wa Kericho na Bomet mlioko hapa muyaanze haya muhula ujao, na bodi za shule ziwadai taarifa yake kama zinavyodai matokeo ya mitihani.